Pesa Yako Imeshikwa. Na Wewe, Umeshika ya Nani?

Masomo: Luka 18:1–8, Mithali 3:27–28, Kumbukumbu la Torati 24:14–15



Jumapili iliyopita, kabla ya kufungua Neno, niliomba watu wainue mikono. Nikauliza: ni nani hapa ana pesa yake imekwama mahali? Amefanya kazi, amemaliza, na mwenye kulipa anamzungusha tu. Mikono ikawa mingi, hata wazee wa kanisa hawakubaki nyuma. Tukacheka. Halafu nikauliza swali la pili: ni nani hapa ameshika pesa ya mwenzake? Kicheko kikaisha. Hakuna mkono ulioinuka. Basi nikainua wangu.

Naandika hapa yale niliyosema siku hiyo, kwa sababu wengine hamkuwepo, na wengine mmekuwa mkinisimamisha mlangoni mkitaka zile hatua za kufuatilia pesa. Hatua nitawapa. Lakini nikiwapa hatua peke yake nitakuwa nimewanyima nusu ya somo, na nusu hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Harusi moja, siku 45

Wengi mnajua kwamba mimi na mke wangu tuna biashara ndogo ya kukodisha hema na viti. Mwaka jana tulijiunga na kampuni moja inayokusanya malipo ya simu kwa niaba ya wafanyabiashara wadogo kama sisi. Mteja anatuma pesa kwa simu, kampuni inapokea, inakata ada yake, halafu ndani ya siku 3 za kazi inatuwekea salio katika akaunti ya benki. Miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri.

Ikaja harusi moja. Hema 3, viti 350, vyombo vya sauti na usafiri, jumla shilingi 78,000. Kamati ya harusi ikasema kila mwanakamati atatuma mchango wake moja kwa moja kwenye nambari yetu. Ndani ya siku mbili watu zaidi ya 60 walituma, huyu 500, yule 2,000, mwingine 5,000. Pesa ikatimia kabla ya siku ya harusi. Tukafanya kazi, maharusi wakafurahi, tukafungua hema Jumapili jioni baada ya ibada.

Siku 3 zikapita, akaunti iko vile vile. Siku ya 5 ikaja meseji: malipo yako yanakaguliwa, tafadhali subiri. Nikasubiri. Nikapiga simu. Nikaambiwa nisubiri. Nikapiga tena, anapokea mtu mwingine, unaanza hadithi upya kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, halafu anakwambia, "Tunashughulikia." Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 sisi Wakenya tumezoea pesa kuingia kabla hujarudisha simu mfukoni. Sasa ukiambiwa pesa ipo, unaiona kwenye skrini, lakini huwezi kuigusa, hiyo ni njaa ya aina nyingine.

Siku ya 11 nilimpigia kelele msichana wa huduma kwa wateja. Sitaki kurudia maneno yale hapa. Mke wangu alikuwa anakunja vitambaa vya viti pembeni. Nilipokata simu akaniuliza kwa upole, "Baba, huyo msichana ndiye amekalia pesa yetu?" Sikuwa na jibu.

Mjane alikuwa na kesi ya kweli

Sasa tuje kwa Neno. Luka anatuambia mapema, mstari wa kwanza kabisa, kwamba Yesu alitoa mfano huu ili wanafunzi waombe siku zote wala wasikate tamaa. Kwa hiyo sitaugeuza uwe somo la kudai madeni. Ni somo la maombi. Lakini angalieni ni mtu wa namna gani Yesu alimchagua atufundishe kuomba. Ni mwanamke asiye na mume wa kumsemea, asiye na pesa ya kumpa hakimu, mbele ya hakimu asiyemcha Mungu wala kujali watu. Alikuwa na vitu viwili tu: kesi ya kweli, na miguu ya kurudi tena.

Kesi ya kweli. Hapo nilianza kujichunguza. Rafiki yangu mmoja, mtu wa kanisa kabisa, aliniambia: "Pasta, mbona unateseka? Waambie wale wanakamati wapigie kampuni ya simu, waseme walikosea nambari. Pesa inarudishwa kwao, halafu wakutumie kwako moja kwa moja." Wapendwa, ule mpango ulikuwa mtamu. Nililala nao usiku kucha. Lakini hakuna aliyekosea nambari. Watu 60 wangesema uongo kwa sababu ya pasta wao wa hema. Na ile njia ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya mama aliyekosea tarakimu moja akatuma karo ya mtoto kwa mtu asiyemjua. Nikiitumia kwa uongo, ninamharibia yeye njia. Mwambie jirani yako: haki haitafutwi kwa uongo.

Halafu kulikuwa na ukweli mwingine ambao sikuupenda. Siku ya 12 niliingia kwenye barua pepe, nikachimba hadi kwenye lile folda la takataka. Nikakuta ujumbe wa kampuni wa wiki moja nyuma. Walikuwa wanataka cheti cha usajili wa biashara, kwa sababu jina la biashara na jina la akaunti ya benki havikulingana. Tena malipo madogo madogo kutoka kwa watu 60 kwa siku mbili yaliwatia shaka. Na ukiwaza vizuri, kampuni inayopitisha pesa za watu lazima ikague. Sheria dhidi ya pesa chafu inawadai hivyo. Kukagua si kuiba. Sehemu ya kuchelewa ilikuwa yangu. Nilituma stakabadhi zote siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo, kimya. Hawakusema zimetosha wala hazijatosha. Kuanzia hapo, kuchelewa kulikuwa kwao.

Mjane alijua mlango wa kubisha

Kuna waumini wanaofikiri kufuatilia haki ni kukosa imani. Ati, "Nimemwachia Mungu." Kumwachia Mungu ni vizuri, lakini wakati mwingine tunasema hivyo kwa sababu tumechoka kupanga foleni. Mjane hakukaa nyumbani akaita huko kuomba. Alikwenda. Paulo naye, kule Filipi katika Matendo 16, alipochapwa bila hukumu, hakukubali kutolewa gerezani kimyakimya. Aliwataka wakubwa waje wenyewe. Na katika Matendo 25 alikata rufani kwa Kaisari. Mtume wa Bwana alijua haki zake na alizitumia.

Kwa hiyo hizi ndizo hatua nilizofuata, na ninyi mwaweza kuzifuata.

Kwanza, kusanya ushahidi kabla ya kukasirika. Meseji za malipo usizifute. Andika nambari ya kila muamala, tarehe na kiasi. Pata taarifa ya akaunti. Mkataba mliowekeana na kampuni, usome. Mimi nina shahada ya biashara na sikuwa nimeusoma; aibu yangu.

Pili, toka kwenye simu uende kwenye maandishi. Maneno ya simu hupotea. Ukipiga, omba nambari ya malalamiko na uandike jina la aliyekuhudumia na saa. Kisha andika barua moja fupi: nilifanya hili, mlipokea hili, mnatakiwa kulipa hili, naomba jibu kufikia tarehe hii. Peleka ofisini, na nakala yako igongwe muhuri.

Tatu, panda ngazi bila kuruka kidato. Anza na kampuni yenyewe. Isipojibu, kampuni za malipo zinafanya kazi chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya mwaka 2011, na msimamizi wake ni Benki Kuu ya Kenya. Unaweza kuandika malalamiko huko. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu pia kinalinda haki za mtumiaji.

Nne, mahakama si dhambi. Tuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kusikiliza kesi mwaka 2021. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mjane wa Luka 18 angeipenda sana. Najua mtaniuliza kuhusu 1 Wakorintho 6. Pale Paulo anakemea ndugu kwa ndugu kupelekana mbele ya wasioamini. Ukidaiana na mwenzako wa kanisa, njooni kwa wazee kwanza. Kampuni si ndugu yako wa ushirika.

Tano, jihadhari. Ukilalamika hadharani, matapeli wanasikia. Mimi nilipigiwa na mtu akijiita ofisa wa kampuni, akitaka nitume shilingi 1,500 "za kufungulia pesa." Yeyote anayetaka utume pesa ili upewe pesa yako, au anayekuuliza nambari yako ya siri, ni mwizi. Kata simu.

Ile barua iliyonishinda kuandika

Siku ya 19 ilikuwa Alhamisi. Mchana nilichapa barua yangu kwa kampuni. Ilikuwa kali. Niliandika kwamba wanashikilia pesa isiyo yao, kwamba kuna familia nyuma ya pesa hiyo, kwamba kila siku wanayochelewesha ni dhuluma. Nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia, nikaja kwa maombi ya jioni.

Tulipomaliza, kijana mmoja alikuwa ananingoja nje karibu na tangi la maji. Ni mmoja wa vijana 5 waliofunga hema siku ile ya harusi. Mkataba wetu ulikuwa shilingi 1,200 kila mmoja. Na kulikuwa na mama mmoja anayetufulia vitambaa vya viti, shilingi 10 kila kitambaa, 350 jumla, naye alikuwa anangoja 3,500. Wote nilikuwa nimewaambia: kampuni haijalipa, vumilieni. Jumla yao ilikuwa shilingi 9,500.

Kijana akanisalimia, "Bwana asifiwe, Pasta. Ile kampuni imejibu?" Nikasema bado, tuombe. Akasema sawa. Halafu akasimama kama mtu mwenye neno lingine. Akaniambia mwenye nyumba amemfungia mlango kwa kufuli. Kodi ni 3,500, alikuwa amelipa 2,500, imebaki 1,000. Usiku wa pili huo alikuwa analala kwa rafiki. Nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji. Akanikatiza kwa heshima: "Pasta, sijakuja kuomba pesa. Najua hamjalipwa. Ni vile mwenye nyumba haniamini. Nilikuwa nataka tu uniandikie barua, umwambie kweli pesa yangu iko kwako."

Nikatoa kalamu. Karatasi sikuwa nayo, nikachukua ile barua ya kampuni niandike nyuma yake. Nikaandika: "Kwa mwenye nyumba. Ninathibitisha kwamba ninashikilia shilingi 1,200 za huyu kijana..."

Wapendwa, kalamu ilikataa. Upande mmoja wa karatasi nimeandika "mnashikilia pesa isiyo yenu." Upande wa pili nimeandika "ninashikilia."

Kwa sababu ukweli ni huu, na Jumapili niliusema mbele ya kijana mwenyewe, kwa ruhusa yake. Pesa nilikuwa nayo. Katika akaunti ya akiba kulikuwa na shilingi 41,000. Nilikuwa nimejiambia hiyo ni ya karo ya Januari, haiguswi. Lakini tulikuwa bado mwezi wa Oktoba. Sikushindwa kuwalipa. Nilichagua wangoje pamoja nami.

Na nilijifunza hivyo darasani. Chuoni tulifundishwa namna ya kuendesha mzunguko wa pesa: wanaokudai wasogeze mbele kadiri unavyoweza, unaowadai wakimbilie mapema. Kusanya haraka, lipa polepole. Nilipata alama nzuri sana katika somo lile. Kwa mashirika makubwa mawili yanayolingana nguvu, pengine ni hesabu tu. Lakini ukiifanya kwa kijana wa 1,200, Biblia ina jina lingine.

Fungueni Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 14 na 15. Musa anasema kibarua maskini alipwe siku ile ile, jua lisitue kabla hajapata ujira wake, kwa kuwa moyo wake uko kwenye ujira huo. Asije akamlilia Bwana, ikawa dhambi kwako. Fungueni Mithali 3, mstari wa 27 na 28. Tusimnyime mtu haki yake wakati uwezo wa kumpa uko mkononi mwetu, wala tusimwambie jirani aende arudi kesho, ilhali kitu chake tunacho. Na Yakobo 5:4 anaongeza kwamba ule ujira uliozuiliwa wenyewe unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Siku 19 nilikuwa nikiomba nikisema, "Bwana, sikia kilio changu." Kumbe kulikuwa na vilio vingine 6 vikipanda kwenye kiti kile kile cha enzi, na vyote vilikuwa vinanitaja mimi. Katika ule mfano nilikuwa nimejiweka mahali pa mjane. Usiku ule, pale kwenye tangi, niligundua kwamba kwa watu 6 nilikuwa hakimu.

Niliwalipa wote usiku huo huo, kwa simu, nikiwa bado nimesimama pale. Ilichukua kama dakika 10. Dakika 10! Yule mama wa vitambaa alinijibu kwa meseji: "Asante Pasta. Nilikuwa nimeshaacha kutarajia." Meseji ile sijaifuta. Kesho yake nilikwenda kwa kijana na mwenye nyumba wake, nikaomba msamaha kwa wote wawili, maana kulipa deni hakufuti usiku mbili za kulala kwa watu.

Kisha nikaandika upya barua ya kampuni. Nikaondoa neno "wezi," maana sikuwa na ushahidi wa wizi. Nikaondoa matusi. Nikataja na kosa langu la kutoona ujumbe wao. Madai yenyewe sikupunguza hata shilingi. Niliipeleka Ijumaa asubuhi, ikagongwa muhuri, nikawapa siku 14.

Sasa msiniwekee ushuhuda usio wangu

Mtu asiende kusema: Pasta alilipa vijana usiku, asubuhi Mungu akafungua akaunti. Hapana. Siku 14 ziliisha bila jibu la maandishi. Nikaandika malalamiko kwa msimamizi, nikajaza fomu za Mahakama ya Madai Madogo, nikawapelekea kampuni nakala. Pesa ilitoka siku ya 45, yote, isipokuwa ile ada tuliyokubaliana. Hawakuomba msamaha. Kabla sijaondoka kwenye laini, nilimwomba yule aliyenipigia anifikishie samahani kwa wenzake kwa kelele za siku ya 11.

Kulipa vijana hakukuwa rushwa ya kumpa Mungu anifanyie haraka. Yesu anasema Mungu si kama yule hakimu. Hahitaji kuchoshwa ili atende haki. Niliwalipa kwa sababu ilikuwa haki yao. Lakini kuna kitu kilibadilika. Zile siku 26 za mwisho niliomba nikiwa na uso. Nilibisha mlango wa kampuni nikijua hakuna mtu anayebisha wangu.

Kumbukeni Yesu anavyomaliza mfano ule: anauliza kama Mwana wa Adamu atakapokuja ataikuta imani duniani. Mimi nadhani sehemu ya imani hiyo itaonekana kwenye simu zetu, katika zile meseji tulizotuma na zile ambazo hatujatuma. Yule dada wa kazi za nyumbani. Yule fundi wa bomba. Yule wa bodaboda uliyemwambia "nitakutumia jioni." Chama ulichokopa. Usiku huu, kabla ya kumwomba Mungu akufungulie kilichoshikwa, fungua mkono wako uone umeshika nini. Kama huna kweli, mpigie umwambie ukweli na umpe siku. Kama unacho, mtumie kabla hujamaliza kusoma.

Tuombe

Baba, wewe ndiwe Hakimu wa haki. Wako watoto wako ambao pesa yao imeshikwa na wenye nguvu kuliko wao. Wape ujasiri wa kubisha, ulimi wa kweli, na moyo usiokata tamaa. Nasi tulioshika vya wengine, utusamehe. Usitupe raha mpaka tumelipa. Katika jina la Yesu. Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii

1. Katika mfano wa Luka 18, wewe umezoea kujiona nani? Kuna mtu anayeweza kukuona wewe ni hakimu?
2. Kuna tofauti gani kati ya kumwachia Mungu na kukata tamaa?
3. Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake mwenyewe, bila kusomea wengine: ninadaiwa na nani, kiasi gani, na nitalipa lini. Wiki ijayo hatutauliza mmeandika nini. Tutauliza tu nani amelipa.